Mwalimu, nimpe mtoto nini mikononi?

Mwezi uliopita niligusia kwamba wajukuu wangu wawili nawasomesha mwenyewe, hapa nyumbani Makorora, Tanga, barazani, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linapofika kizingitini. Tangu hapo barua zinakuja. Wachache wameuliza hesabu na kusoma. Wengi wameuliza mikono: mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano, ambaye haendi chekechea, afanye nini na mikono yake asubuhi nzima? Nimefundisha chekechea miaka 26 kabla ya kustaafu, na swali hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nimechagua barua saba. Nimezifupisha, maana nimeiacha ilivyo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na wa kike wa miaka miwili na nusu. Nawafundisha nyumbani kwa sababu ada ya chekechea imetushinda. Kwenye simu naona akina mama wenzangu wakiwapa watoto vitu vizuri mno: macho ya plastiki, karatasi za kumetameta, rangi za kila aina. Nimeulizia Kariakoo, boksi moja la vifaa ni hela ya mboga ya wiki nzima. Mume wangu ni fundi rangi, ana makopo yenye rangi zilizobaki, za mafuta na za maji. Nitumie hizo? Na nikipata hela kidogo ninunue kipi kwanza?
Mama wa wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na makopo ya mume wako, maana hilo haliwezi kungoja. Yafunge yote, uyaweke juu ambako hawafiki. Najua Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Oysterbay mwaka 1968 alitumia rangi hizo hizo za mafuta, kwenye vipande vya hadibodi, na ingawa alifariki mwaka 1972 jina lake bado liko kwenye kila picha ya chui na ndege inayouzwa kwa wageni. Lakini Tingatinga alikuwa mtu mzima. Binti yako akipaka, dakika ya pili kidole kiko mdomoni. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Hata zile za maji zimetengenezwa kwa ajili ya ukuta, si kwa ajili ya mdomo. Mwombe baba yao jambo jingine: awaletee vile vipande vya hadibodi vinavyobaki kazini. Kipande cha ukubwa wa sinia, kilichopigwa msasa pembeni, ni meza, ni ubao wa kuchorea, ni kila kitu.

Dukani nunua vitu viwili tu. Mkasi wa kitoto wenye ncha butu, na boksi la rangi za nta, zile nene. Nasema nene kwa sababu mtoto wa miaka miwili na nusu hushika kwa ngumi, na nyembamba zitavunjika siku hiyo hiyo. Vingine vyote vitoke jikoni kwako.

Gundi ni uji. Nusu kikombe cha unga wa ngano, ukoroge kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge. Injika maji vikombe viwili, yakichemka mimina huo mchanganyiko huku mwiko unazunguka. Ukitokota na kuanza kung'aa, epua. Ukipoa unabandika karatasi, kitambaa, majani makavu, hata mchanga. Mama yangu alikuwa akitupia karafuu tatu nne humo, gundi ikakaa siku tatu bila kuvunda, nami nafanya vivyo hivyo mpaka leo. Ngano ikipanda bei, tumia wanga wa muhogo, ule wa kutia kanzu. Unashika vizuri zaidi, na ukikauka hauonekani.

Karatasi unazo. Maboksi ya sabuni. Mifuko ya khaki, ambayo tangu ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 imejaa kila nyumba. Kalenda za miaka iliyopita, maana mgongo wake ni mweupe na mgumu kuliko daftari lolote.

Sasa rangi, na hapa nivumilie kidogo. Chemsha konzi moja ya choya kavu, wengine huiita rozela, kwa vikombe viwili vya maji mpaka maji yawe rangi ya damu ya mzee. Chuja, yaache yapoe, kisha ugawe kwenye vikombe vitatu vya kahawa. Cha kwanza usikiguse. Cha pili kamulia ndimu: wekundu unachangamka. Cha tatu tia magadi, ncha ya kijiko tu, ukoroge taratibu: yanageuka zambarau, kisha buluu, na ukizidisha yanakuwa kijani cha matope. Nilipomwonyesha mjukuu wangu kwa mara ya kwanza hakupiga kelele nilivyotegemea. Alikinyanyua kikombe, akachungulia chini yake, akauliza, "Bibi, nani ameingia humu?" Tulikaa na vikombe vile mpaka adhana ya adhuhuri. Na manjano je? Kijiko kimoja kwenye maji ya moto, mtoto apake karatasi nzima, aianike juani. Ikikauka, achovye kidole kwenye maji yaliyokorogwa sabuni ya mche, achore juu ya ule unjano. Kila kidole kinapopita panatokea mstari mwekundu wa kutu. Ila wavae fulana kuukuu. Manjano hayatoki nguoni, na ukiyafua kwa sabuni doa linageuka jekundu kwanza kabla halijafifia.

Brashi? Mswaki wa mti, utafune ncha mpaka nyuzi zitawanyike. Au funga kumbi za nazi kwenye kijiti.

Na huyu mdogo usimtenge kaka yake anapofanya kazi. Mpe kopo la maji matupu na brashi pana ya baba yake iliyooshwa vizuri, apake ukuta wa nje. Ukuta unageuka mweusi kwa maji, jua linaukausha, anapaka tena. Wangu wa miaka miwili alipaka ukuta ule ule asubuhi nne mfululizo, na wala hakuhitaji kuambiwa kitu.

SWALI: Habari Mwalimu. Nina mapacha, wana miaka minne na miezi michache, na ninawafundisha nyumbani. Jumapili wifi yangu alikuja akawakuta wanafinyanga udongo nyuma ya nyumba. Akaniambia watoto wa rika lao wako PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na tayari wanaandika majina yao, mimi wangu nawafundisha kuchezea matope. Usiku huo sikulala. Ninawapotezea wakati?
Mama wa mapacha, Nakuru

JIBU: Hujawapotezea hata dakika moja, mama.

Shika mkono wa mmoja wao, ubonyeze polepole pale kiganja kinapoungana na mkono. Hapo kuna mifupa midogo minane kwa mtu mzima. Mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu, laini kama ncha ya pua. Inageuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine, mwaka hadi mwaka, na kwa umri wa mapacha wako ni karibu nusu tu ndiyo iliyoanza. Huo ndio mkono anaotakiwa ashike penseli kwa vidole vitatu aandike ndani ya mistari. Wengine wanaweza, kweli. Wengi wanaweza kwa kukaza bega, kuuma ulimi na kuichukia kazi, na chuki ile nimeiona ikidumu mpaka darasa la tatu.

Tazama pia wanavyochora. Miaka miwili mtoto anakwaruza. Mitatu, duara linaanza kufunga. Minne anatokea mtu: kichwa kikubwa, miguu imeota moja kwa moja chini ya kidevu, tumbo hakuna. Pembetatu humsumbua mpaka anakaribia mitano, kwa sababu mistari ya kulala mshazari ndiyo migumu kuliko yote. Sasa herufi A ni nini kama si pembetatu iliyofunguliwa chini? Anayechora jua na nyumba kila siku anaijenga A bila kuambiwa.

Udongo ndio mwalimu wa mkono huo. Mpe kila mmoja donge la ukubwa wa limau. Aviringishe nyoka kwa viganja viwili, apige chapati, achimbe bakuli kwa kidole gumba huku mkono wa pili unalizungusha donge. Hiyo ya bakuli usiipite haraka: mkono mmoja unafanya kazi, mwingine unashikilia, na ndivyo atakavyoandika, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukishika daftari. Udongo wa kichuguu unafinyangika vizuri ukiupepeta na kuulaza na maji usiku mmoja. Uchote mbali na choo na mbali na paka wanapofukia. Mvua zikizidi, kanda unga: ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kasorobo, kijiko cha mafuta. Kwenye kopo lenye mfuniko unakaa siku kadhaa. Chumvi yake ni kali, kwa hiyo kaa nao, wasiule.

Tena wifi yako asikutishe na PP1. Mtaala wa umilisi wa huko kwenu Kenya wenyewe umeweka shughuli za ubunifu kwenye ngazi hiyo. Akija tena, usibishane naye. Wape watoto maembe wamenye kwa kisu butu, wafunge vifungo vya mashati yao, wakamue kitambaa cha kudekia. Ataona mikono.

Nikuambie jambo nililolibeba muda mrefu. Shule niliyofundisha ilikuwa na siku ya wazazi kila mwisho wa mwaka, na tuliagizwa kazi za watoto ukutani zifanane na zipendeze. Basi usiku nakata samaki 40 wa manila, sawasawa kabisa, magamba nimechora mimi, mapezi nimechora mimi. Asubuhi watoto wanabandika jicho. Wazazi wakija wanasifu. Mwaka mmoja, baada ya sherehe, nilikuwa nikigawa samaki wapelekwe nyumbani, na binti mmoja wa miaka mitano akaurudisha mkono nyuma. Akasema kwa adabu, "Huyu si wangu, Mwalimu. Huyu wa kwako." Nilibaki nimemshika yule samaki. Alikuwa na haki. Mwaka uliofuata niliwapa mikasi na manila, wakakata wenyewe, na ukuta wetu ulikuwa na samaki wenye vichwa viwili, samaki wa pembe nne, na mmoja mwenye miguu. Mwalimu mkuu hakufurahi. Watoto walisimama chini ya ukuta ule wakiwavuta mama zao kwa khanga, kila mmoja anaonyesha wake.

Kwa hiyo ombi langu moja kwako, na kwa wote mnaosoma hapa: msiimalizie kazi ya mtoto. Msinyooshe, msikate upya, msiongeze jicho lililosahaulika.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu ana miaka mitano. Mama yake anamfundisha nyumbani. Anachopenda ni kutunga shanga na kushona vitambaa kutwa. Majirani wananiambia nimemlea vibaya. Nimkataze?
Baba, Ilala

JIBU: Usimkataze, baba. Toka nje ya nyumba yako hapo Ilala uhesabu cherehani zilizopangwa kwenye baraza za maduka. Wengi wanaozikalia ni wanaume, wanalisha familia kwa uzi. Shati ulilovaa limepita mikononi mwa fundi. Mtoto anayetunga shanga nyekundu mbili, nyeupe moja, nyekundu mbili, nyeupe moja, amekwisha kuanza hesabu, na hakuna aliyemlazimisha.

Kinachonihangaisha mimi ni usalama. Mpe shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ukiisugua ncha kwenye jiwe mpaka iwe butu. Kwa shanga hata sindano haihitajiki: chovya ncha ya uzi kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, wewe mwenyewe, ikikauka inakuwa ngumu na inapenya. Kama kuna mdogo wake chini ya miaka mitatu, shanga zitungwe mezani na zihesabiwe kabla na baada. Maharage nayo ni hivyo hivyo, mtoto akijitia puani huvimba, safari inaishia hospitali.

Na mbegu za porini. Kuna zile ndogo nyekundu, zinazong'aa, zenye doa jeusi, watoto huziokota vichakani kwa sababu ni nzuri kuliko shanga za dukani. Ni sumu kali. Ikitobolewa au kutafunwa, moja tu inaweza kumuua mtoto. Mbegu za mbarika, zile za madoadoa, nazo usizilete nyumbani. Ukitaka mbegu, mpe za boga na za ubuyu.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mwanangu ni wa shoto. Ana miaka minne, namsomesha nyumbani, na mama mkwe tunaishi naye. Mtoto akishika rangi kwa mkono wa kushoto, bibi yake humfunga mkono huo kwa leso. Sasa mtoto hataki kuchora kabisa. Nami siwezi kumkosea heshima mama.
Mke wa mwanawe, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mama mkwe anatetea adabu, na adabu yenyewe ni ya kweli: kula, kupokea na kumpa mtu kitu ni kwa mkono wa kulia. Mtoto wa miaka minne anaweza kujifunza hayo bila kufungwa. Kaa na mama wakati wa utulivu, baada ya chai ya alasiri, umwambie hivi: "Mama, kula nitamfundisha mkono wa kulia mpaka uridhike. Lakini kuchora Mungu amemtilia kwenye mkono huu, naomba umwachie." Ukiweza, mume wako naye awepo. Mpe mama kauli ya mwisho kwenye kula, yeye akupe kuchora.

Kisha tumsaidie mtoto, maana huenda bibi anaona mkono ule kuwa mzembe kwa sababu ya mkasi. Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, vidole vinazisukuma bapa ziachane badala ya kuzibana, karatasi inakunjika katikati bila kukatika, na bapa ya juu inaficha mstari anaotakiwa kuufuata. Mtoto hana kosa. Iko mikasi ya shoto, tafuta kwenye maduka makubwa ya vifaa vya shule. Mpaka uipate, achane karatasi kwa vidole. Kuchana ni kazi kamili: vipande vya rangi vikibandikwa kwa gundi ya uji vinatoa picha ya jogoo ambayo mkasi hauwezi kuitoa. Anapochora, karatasi iinamie kulia kwake, na mwanga umjie kutoka upande wa kulia, ili kivuli cha mkono kisimfunike anachokifanya. Leso irudi kabatini.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wa Moshi, sasa naishi Columbus, Ohio. Namsomesha binti yangu wa miaka mitano nyumbani. Sheria za Marekani zinaruhusu, kila jimbo kwa masharti yake. Tatizo langu ni Kiswahili. Naongea naye, ananijibu Kiingereza. Kipindi cha baridi tunafungiwa ndani miezi. Je, kazi za mikono zinaweza kusaidia?
Mama wa binti, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu, poleni na baridi. Zinasaidia sana, kuliko kukaa naye na kumtajia majina ya vitu. Mtoto anayeulizwa "hii ni nini kwa Kiswahili?" anajua anapimwa. Mtoto mwenye gundi mkononi hana nafasi ya kuchagua lugha, anataka kitu na anakitaka sasa. Chagua vitenzi vyako uvirudie kila siku bila kuvitafsiri: kata, kunja, chovya, bandika, gonga, suka, finyanga, anika, nipe, shika hapa. Mikono ikifanya, sikio linakamata lenyewe.

Nina kazi moja ningependa muifanye pamoja, itawachukua wiki nzima. Tengenezeni khanga. Pasua mfuko mkubwa wa karatasi wa dukani uutandaze, uwe umelala kwa mapana. Mwonyeshe khanga yako halisi, na natumaini umeenda nayo, mwekee mkono juu yake: huu pindo, unazunguka pande zote nne. Huu mji, katikati. Na hili hapa chini, ndani ya kisanduku chake, jina. Siku ya kwanza chora wewe mistari ya mipaka. Siku ya pili kata kiazi mviringo nusu kwa nusu, uchonge alama moja rahisi kwenye uso wake, korosho au nyota, kisha kazi ni yake: chovya, gonga, chovya, gonga, mpaka pindo lizunguke lote. Atachoka kwenye upande wa tatu. Mwache apumzike, hata kama ni mpaka kesho. Pindo lililogongwa kwa haraka linamchosha na mama pia. Siku ya tatu mji, achore chochote anachotaka, kama ni theluji iwe theluji.

Jina liweke mwisho. Yeye aseme kwa Kiswahili, wewe uandike hivyo hivyo alivyosema, kwa herufi kubwa. Usimpe methali. Mjukuu wangu mkubwa alitaka iandikwe NAMPENDA BIBI NA SAMAKI WA KUKAANGA, na hiyo khanga iko ukutani kwangu tangu Ramadhani. Ya binti yako ikikauka, ikunjeni, muipeleke posta kwa bibi yake Moshi. Bibi atapiga simu. Hapo mtoto atakuwa na kitu cha kusema kwa Kiswahili, na mtu anayekisubiri.

Theluji yenyewe nayo ni karatasi. Chupa ya maji ya kupuliza, matone ya rangi ya chakula, mvishe glovu, mtoke nje dakika 10.

SWALI: Mwalimu, michoro imejaa nyumba nzima. Nikitupa analia. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Funga kamba ukutani kwa kimo chake yeye, si chako, na vibanio vya nguo kumi. Ikija ya kumi na moja, achague mwenyewe ipi ishuke. Zilizoshuka mwaka mzima weka chache kwenye bahasha, nyuma ya kila moja andika tarehe na maneno aliyoyasema alipokuwa anachora. Maneno hayo mtayatafuta baadaye kuliko picha.

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa na nimezeekea Pemba. Binti yangu anawasomesha watoto wake hapa nyumbani kwa vitabu na simu. Mimi nasuka ukili, ile mikanda ya kindu, majani ya mkindu, ya kushonea mikeka, tangu nina miaka sita. Mjukuu wangu wa miaka mitano anakuja kukaa nami nikisuka, mama yake anamwita arudi kwenye masomo. Sitaki kuingilia. Lakini nauliza, je, ukili si somo?
Bibi wa Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam, na shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ni somo, tena ni la zamani kwenye elimu ya watoto wadogo. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua mwaka 1837 shule ambayo chekechea za dunia zimetokana nayo, aliwapa watoto vipande vya karatasi wavisuke, kimoja juu, kimoja chini. Mimi nilifundishwa zoezi hilo chuoni kutoka kwenye kitabu, wakati mama yangu alikuwa nyumbani na kindu zake. Sikuwahi kumwita darasani aje awaonyeshe watoto. Sasa hayupo, na hilo linaniuma.

Binti yako naomba aisome sehemu hii. Mwanangu, mpe mama asubuhi mbili kwa wiki, uziandike kwenye ratiba yako kama unavyoandika hesabu. Mjukuu atahesabu kindu, atajua kulia na kushoto, atashika mpangilio kichwani bila kuuona kwenye karatasi. Tena atakaa karibu na mtu anayejua kitu kwa undani kuliko simu yako.

Nawe bibi, usimwanzishie ukindu siku ya kwanza, unakata vidole vidogo. Chana khanga kuukuu vipande vitatu vya rangi tatu, afundishwe kusuka tatu kwanza, fundo ulifunge kwenye kidole gumba cha mguu wako ili mikono yake yote miwili iwe huru. Mwambie kwa rangi, asichanganyikiwe: nyekundu inapita juu, inalala katikati, nyeupe inapita juu, inalala katikati. Wiki ya pili au ya tatu mletee kindu pana, zilizolowekwa zikalainika, uzichane wewe na miiba uiondoe wewe. Rangi azichague yeye, ila sufuria ya kuchemshia abaki nayo mbali.

Ukili wake utapinda. Najua mkono wako utataka kuufumua usiku akiwa amelala. Uache ulivyo. Ukifika shibiri mbili tatu, ukate vipande, uvishone upande kwa upande, uwe mkeka wa mwanasesere, kisha mwite mama yake aje auone ukiwa bado umetandikwa barazani.